Kutoka Nyumba Yenu hadi Nyumba ya Kupanga: Namna ya Kudai Msaada wa Kodi Uingereza Baada ya Kutengana

Mume na mke wanapotengana huku Uingereza wakiwa na nyumba waliyoinunua kwa mkopo wa benki, yule anayehama hukutana na tatizo ambalo mpangaji wa siku nyingi halijui. Hata kama ametoka na begi moja na analala katika chumba cha kupanga, sheria ya misaada ya serikali bado yaweza kumhesabu kuwa mtu mwenye mali, kwa sababu jina lake lingali kwenye hati ya nyumba. Wapo wanaokataliwa msaada kwa sababu hiyo tu, wakaenda zao wakiamini kwamba hawana haki, ilhali kanuni zilezile zilizowanyima zina vifungu vinavyowalinda, mradi mwombaji avijue na ataje tarehe zake sawasawa.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa mambo yanavyotakiwa kufanywa, tangu kabla ya kuhama hadi siku ya kupinga uamuzi usioridhisha. Sheria za nyumba na za ndoa zinazotajwa ni za England na Wales. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao za ndoa na nyumba, ingawa kanuni za msaada wenyewe zinafanana kwa sehemu kubwa.

Hatua ya kwanza: fahamu ni msaada upi unaokuhusu

Watu wengi bado hutaja Housing Benefit, yaani msaada wa zamani wa kodi ya pango unaotolewa na halmashauri, kana kwamba ndiyo mlango pekee. Kwa mtu ambaye hajafikia umri wa pensheni ya serikali, mlango huo umefungwa kwa maombi mapya, isipokuwa kama anaishi katika makazi ya muda aliyopewa na halmashauri, yaani kaunsili, au katika makazi yenye uangalizi maalumu. Wengine wote hudai Universal Credit, yaani msaada wa serikali wa kila mwezi kwa wenye kipato kidogo, ambao ndani yake mna fungu la kodi ya nyumba. Fungu hilo halilipi mkopo wa nyumba. Linalipa kodi ya pango na baadhi ya gharama za huduma za jengo peke yake.

Aliyefikia umri wa pensheni, ambao ulikuwa miaka 66 na unapandishwa hatua kwa hatua hadi 67 kati ya mwaka 2026 na 2028, hudai Housing Benefit kwa halmashauri yake, na inafaa aulizie Pension Credit, yaani nyongeza kwa wazee wenye kipato kidogo, wakati huohuo. Hapa kuna jambo linalosahaulika mara nyingi. Mkiwa pamoja na mmoja wenu hajafikia umri huo, nyote wawili kwa kawaida huhesabiwa chini ya Universal Credit. Mkishatengana, kila mmoja huangaliwa kwa umri wake mwenyewe, kwa hiyo mzee wa miaka 69 aliyekuwa na mke wa miaka 58 anaweza sasa kudai kile ambacho hakuruhusiwa kukidai alipokuwa ndani ya ndoa.

Hatua ya pili: angalia visa yako kabla ya kujaza fomu yoyote

Hatua hii naiweka mapema kwa makusudi, maana kosa linalofanyika hapa ni gumu kurekebisha. Ikiwa ruhusa yako ya kukaa nchini ina sharti la kutotumia fedha za umma, basi Universal Credit, Housing Benefit, Pension Credit na punguzo la kodi ya halmashauri (council tax) kwa wenye kipato kidogo vyote vimo katika orodha ya vilivyokatazwa. Kuvidai ni kuvunja sharti la visa, na jambo hilo linaweza kukurudia siku utakapoomba ukaazi wa kudumu.

Aliyeingia kwa visa ya mwenzi anapaswa pia kujua kwamba ruhusa yake imejengwa juu ya uhusiano huo, na kwamba Home Office, yaani wizara ya mambo ya ndani, inatakiwa kuarifiwa uhusiano unapovunjika. Usikae kimya ukisubiri, na usiandike barua peke yako; tafuta kwanza mshauri wa uhamiaji anayetambuliwa kisheria.

Kwa aliyekimbia ukatili wa mwenzi kuna njia maalumu. Aliye na visa ya mwenzi anaweza kuomba Home Office impe ruhusa ya miezi 3 inayomwezesha kudai misaada ya umma, na ndani ya muda huo apeleke maombi ya kukaa nchini kama mwathirika wa ukatili wa nyumbani. Ukatili hauhesabiwi kwa vipigo peke yake; sheria ya mwaka 2021 inataja pia udhibiti wa fedha, vitisho, na kumtawala mtu kila hatua yake. Simu ya taifa ya msaada, 0808 2000 247, inayoendeshwa na shirika la Refuge, ni ya bure, inapokelewa saa 24, na unaweza kuomba mkalimani.

Hatua ya tatu: usitoke ndani ya nyumba kabla ya kulinda haki yako

Ikiwa uko salama, usihame kwa hasira. Kuhama hakukuondolei umiliki, lakini ukija baadaye kuomba msaada wa makazi kwa halmashauri, maofisa wanaweza kusema ulijifanya mwenyewe kuwa huna makazi, kwa kuwa uliacha nyumba ambayo ungeweza kuendelea kuishi. Anayekimbia ukatili hahesabiwi hivyo, na tangu mwaka 2021 ni miongoni mwa wale ambao halmashauri za England hupaswa kuwapa kipaumbele.

Yako mambo matatu ya kuulizia kwa wakili au kituo cha ushauri kabla ya kuondoka.

La kwanza ni jina lililoko kwenye hati. Kama nyumba imeandikwa kwa jina la mwenzako peke yake, na ndoa yenu inatambuliwa na sheria, Sheria ya Familia ya mwaka 1996 inakupa haki ya kukaa humo, na unaweza kuisajili haki hiyo kwenye Ofisi ya Ardhi ili nyumba isiuzwe bila mnunuzi kujua. Hapa Waislamu wenzetu wawe makini. Nikaha iliyofungwa hapa Uingereza nyumbani au msikitini bila kusajiliwa kiserikali haikupi haki hiyo, hata kama mmeishi miaka 20 na mna watoto. Ndoa iliyofungwa Zanzibar, Mombasa au Bujumbura kwa kufuata sheria za huko, kwa kawaida hutambuliwa, kwa hiyo kitafute cheti chake kabla hujahama, kwa maana kukipata ukiwa umeshatoka ni kazi.

La pili ni namna mnavyomiliki. Kuna umiliki ambao mmoja akifariki sehemu yake humwendea mwenzake moja kwa moja, na kuna ule ambao kila mmoja ana fungu lake analoweza kulirithisha kwa amtakaye. Kubadilisha wa kwanza kuwa wa pili ni jambo dogo la barua na usajili, na ni vyema lifanyike kabla talaka haijachukua miezi mingi mahakamani.

La tatu ni mkopo wenyewe. Wawili mkiwa mmeusaini, benki inaweza kumdai yeyote kati yenu deni lote, awe anaishi humo au hayumo. Iarifu benki mapema. Kama atakayebaki ndani anapokea Universal Credit, baada ya miezi 3 anaweza kuomba serikali imsaidie kulipa riba, ila ajue kwamba msaada huo ni mkopo unaolipwa nyumba inapouzwa au umiliki wake unapohamishwa.

Hatua ya nne: weka tarehe ya kutengana iwe wazi

Mfumo wa misaada hauangalii kama mmepeana talaka. Unaangalia kama mnaishi pamoja kama mume na mke. Mtu anaweza kuwa bado na cheti cha ndoa na akahesabiwa kuwa peke yake, na mwingine akawa ameshaandikiwa talaka na shehe au mahakama, lakini akahesabiwa kuwa na mwenzi kwa sababu bado wanakula, wanalala na kutumia fedha pamoja.

Watu wengi hutengana wakiwa wangali chini ya paa moja kwa sababu hawana pa kwenda. Jambo hilo linakubalika, lakini utaulizwa maswali: nani analala wapi, nani anampikia nani, nani anafua nguo za nani, akaunti ya benki ni ya nani, na mmewaeleza nini jamaa na shule ya watoto. Andika tarehe mliyoamua kuachana, kisha uyafanye mambo yaendane nayo. Fungua akaunti yako mwenyewe, hamishia humo mshahara wako, na kama ninyi wawili mmekuwa mkipokea Universal Credit kwa pamoja, toa taarifa ya kutengana siku hiyohiyo kwenye akaunti yenu ya mtandaoni. Mkichelewa, mnaweza kulipwa kiasi kisicho sahihi, na serikali itakuja kuzidai fedha hizo.

Hatua ya tano: eleza nyumba ya zamani, nyumba ya nyumbani na fedha zako

Hapa ndipo maombi mengi hukwama. Anayedai Universal Credit akiwa na akiba na mali yenye thamani inayozidi pauni 16,000 hapati chochote. Akiwa na pauni 6,000 au chini ya hapo, hakatwi. Katikati ya viwango hivyo, kila pauni 250 zinazozidi 6,000, au sehemu yake, huhesabiwa kana kwamba zinakuingizia pauni 4.35 kwa mwezi. Kwa mfano, mwenye pauni 11,400 amezidisha 5,400, ambayo ni mafungu 22, kwa hiyo atakatwa pauni 95.70 kila mwezi. Kwa waliofikia umri wa pensheni wanaodai Housing Benefit, kiwango cha chini ni pauni 10,000, na yule anayepokea fungu la dhamana la Pension Credit (Guarantee Credit) hafungwi na kikomo cha 16,000.

Sasa, fungu lako katika nyumba mliyoiacha nalo ni mali. Tuchukue nyumba yenye thamani ya pauni 260,000 iliyobakiwa na deni la 180,000. Kanuni huondoa asilimia 10 kwa gharama za kuuza, yaani 26,000, kisha huondoa deni, zinabaki 54,000. Pasipo ushahidi wa mgawanyo mwingine, kila mmoja huhesabiwa nusu, ambayo ni 27,000. Mtu asiye na shilingi mfukoni anakuwa ameshavuka kikomo.

Ndiyo maana vifungu vya kinga vina thamani kubwa. Nyumba uliyoacha kuishi kwa sababu ya kutengana na mwenzi haihesabiwi kwa miezi 6 tangu siku uliyotoka. Zingatia kwamba saa huanza kuhesabu siku ya kutoka. Aliyelala kwa dada yake miezi 5 kabla ya kudai amebakiwa na mwezi 1 tu wa kinga hiyo. Ikiwa mwenzako amebaki humo akiwa mzazi anayelea watoto peke yake, nyumba haihesabiwi kwa muda wote atakaokaa katika hali hiyo, hata iwe miaka. Baba wengi wanaohama na kuwaachia mama na watoto nyumba wanaangukia kifungu hiki, na wengi wao hawajawahi kukisikia.

Miezi 6 ikiisha na kifungu hicho hakikuhusu, kipo kingine: nyumba inayofanyiwa jitihada za kweli za kuuzwa nayo haihesabiwi kwa miezi 6 tangu jitihada zilipoanza. Jitihada za kweli maana yake ni dalali aliyepewa kazi kwa maandishi, barua za wakili, au shauri lililofunguliwa mahakamani. Zaidi ya hayo, vipindi hivi vya miezi 6 vinaweza kuongezwa pale inapoonekana ni haki kufanya hivyo, kwa mfano mwenzako anapokataa kusaini au mahakama inapochelewa. Hakuna anayekuongezea bila kuombwa. Andika ombi hilo mwenyewe kabla muda haujaisha, ukiambatanisha barua.

Na hata ikifika mahali nyumba inahesabiwa, swali la thamani halijafungwa. Kinachopimwa ni thamani ya fungu lako sokoni. Nani atanunua nusu ya nyumba ambayo nusu nyingine ni ya mtu anayeishi humo na hataki kutoka? Fungu la namna hiyo linaweza kuwa na thamani ndogo sana kuliko nusu ya bei ya nyumba nzima. Dai tathmini ya mtaalamu inayojibu swali hilo hasa, na usikubali hesabu ya kugawa kwa mbili kama neno la mwisho.

Nyumba ikishauzwa, fedha utakazopata hazihesabiwi kwa miezi 6 ikiwa unakusudia kununua nazo nyumba nyingine ya kuishi. Anayejua kwamba atabaki kuwa mpangaji hana kinga hiyo, na fedha zake huingia katika hesabu mara tu anapozipokea.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi hasa. Kiwanja cha Kibaha, nyumba ya Kisauni, shamba la Bukoba, akaunti ya benki ya Nairobi, vyote ni mali mbele ya mfumo huu, na fomu inauliza kuhusu mali popote ilipo duniani. Thamani yake hupimwa kwa bei ya soko la huko, pale ambapo nchi hiyo haikatazi fedha kuhamishwa kuja Uingereza. Kuficha ni hatari, hasa mnapotengana, kwa kuwa mwenzako anakijua kiwanja hicho na anaweza kukitaja mahakamani kwa maandishi. Kama nyumba ya huko anaishi mama au baba yako, kuna kifungu kinachosema kwamba nyumba inayokaliwa na ndugu wa karibu aliyefikia umri wa pensheni, au asiyeweza kufanya kazi kwa ugonjwa, haihesabiwi. Eleza hilo wazi na uombe kifungu hicho kitumike. Na kama ardhi ni ya ukoo, au imeandikwa kwa jina lako kwa niaba ya ndugu, leta ushahidi kuwa wewe si mwenye faida yake: barua ya mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji, nyaraka za mirathi, risiti za waliolipia.

Vivyo hivyo kwa mchezo, chama na michango ya misiba. Mweka hazina ambaye akaunti yake ina pauni 9,000 za wanachama lazima aweze kuonyesha kwamba fedha hizo si zake. Daftari la wanachama na ujumbe wa makubaliano vinasaidia, ila lililo bora ni kuzihamishia kwenye akaunti ya chama kabla ya kudai.

Kisha kuna shinikizo la familia. Nyumba imeuzwa, umepokea pauni 22,000, na kaka yako anasema zitumwe zikamalizie jengo la nyumbani. Ukizitoa ili upate msaada au upate mkubwa zaidi, utahesabiwa kana kwamba bado unazo, na utakuwa umebaki bila fedha na bila msaada. Kulipa madeni yako ya kweli, kulipa wakili, kununua kitanda, jiko na friji kwa ajili ya makazi mapya, kulipa amana ya nyumba, hayo ni matumizi yanayoeleweka, na kwa Universal Credit kanuni zenyewe zinatambua ulipaji wa madeni na ununuzi unaolingana na hali ya mtu. Tunza risiti zote. Nawasihi wasomaji, msitume fedha za mauzo ya nyumba popote kabla ya kuonana na mshauri.

Hatua ya sita: tafuta nyumba unayoweza kusaidiwa kuilipia

Kwa anayepanga kwa mtu binafsi, msaada una kikomo kinachoitwa Local Housing Allowance, kinachotofautiana kwa eneo na kwa idadi ya vyumba. Viwango hivyo vilipangwa upya Aprili 2024 ili vitoshe kwa asilimia 30 ya nyumba zenye kodi nafuu zaidi katika eneo, na Aprili 2025 havikupandishwa ingawa kodi zilikuwa zikipanda. Tazama kiwango cha eneo lako kwenye tovuti ya serikali kabla ya kwenda kuona nyumba yoyote, kwa maana tofauti kati ya kodi na kiwango hicho utailipa wewe.

Idadi ya vyumba huhesabiwa hivi: chumba kimoja kwako, kimoja kwa kila mtu mwingine mwenye miaka 16 au zaidi asiye na mwenzi, watoto wawili wa jinsia moja walio chini ya miaka 16 hutarajiwa kulala pamoja, na wawili walio chini ya miaka 10 hutarajiwa kulala pamoja bila kujali jinsia. Mtoto huhesabiwa kwa mzazi mmoja tu, yule mwenye jukumu kubwa la kumlea. Baba anayewapokea wanawe kila mwisho wa juma hupewa kiwango cha chumba kimoja. Ni kanuni inayoumiza, na ni heri kuijua kabla ya kusaini mkataba wa nyumba ya vyumba vitatu.

Aliye peke yake na hajatimiza miaka 35 hupewa kiwango cha chumba katika nyumba ya kushirikiana. Aliyefanyiwa ukatili wa nyumbani ni miongoni mwa wasiofungwa na kanuni hiyo.

Mwenye nyumba anayekataa wapangaji wote wanaopokea misaada anakosea. Mahakama ya York ilitamka hivyo Julai 2020 kwa misingi ya ubaguzi. Kwa England, amana haipaswi kuzidi kodi ya wiki 5 kwa nyumba ambayo kodi yake kwa mwaka ni chini ya pauni 50,000, na ni lazima iwekwe katika mfuko uliosajiliwa ndani ya siku 30. Kama huna amana, halmashauri nyingi zina mpango wa kuidhamini.

Jihadhari na kupanga kwa mwenzi uliyeachana naye katika nyumba mliyokuwa mkiishi. Housing Benefit hailipi kodi ya namna hiyo, na Universal Credit hukataa mkataba unaoonekana umetungwa ili kupata msaada.

Hatua ya saba: peleka ombi kwa tarehe inayokufaa

Ombi la Universal Credit hufanywa mtandaoni, na asiyeweza hupiga simu 0800 328 5644. Andaa namba yako ya National Insurance, kitambulisho, taarifa za benki, mkataba wa upangaji uliosainiwa, jina na anwani ya mwenye nyumba, uthibitisho wa ruhusa ya kukaa nchini, na zile karatasi za hatua ya tano. Katika sehemu ya mali usiandike tu kwamba una nyumba. Andika, kwa mfano: ninamiliki nusu ya nyumba fulani, niliacha kuishi humo tarehe fulani kwa sababu ya kutengana na mwenzi wangu, naomba isihesabiwe chini ya kifungu cha kutengana. Rudia maneno hayo kwenye jarida la akaunti yako ya mtandaoni (journal), yaani sehemu ya kuandikiana ujumbe na ofisi, kwa sababu kilichoandikwa humo hubaki na tarehe yake.

Usichelewe. Kurudishiwa malipo ya nyuma hakuzidi mwezi 1, tena kwa sababu chache kama ugonjwa au mfumo kuharibika. Malipo ya kwanza hufika baada ya takriban wiki 5, na katikati unaweza kuomba malipo ya awali ambayo ni mkopo unaokatwa kidogokidogo. Jua pia kwamba Universal Credit huangalia hali yako ilivyo siku ya mwisho ya kipindi chako cha mwezi. Kwa anayedai tayari, akihamia nyumba ya kupanga siku mbili kabla ya kipindi kwisha na akatoa taarifa ndani ya kipindi hicho, huhesabiwa kodi ya mwezi mzima. Akitoa taarifa siku moja baada ya kipindi kwisha, anaweza kuipoteza. Tarehe ya kipindi chako imo kwenye akaunti yako.

Fedha za kodi hulipwa kwako nawe umlipe mwenye nyumba. Scotland unaweza kuchagua zipelekwe kwake moja kwa moja, na Ireland ya Kaskazini ndivyo zinavyolipwa kwa kawaida.

Kuhusu matunzo, fedha unazopokea kwa ajili ya watoto kutoka kwa mzazi mwenzako hazipunguzi Universal Credit hata kidogo. Zile zinazolipwa kwa ajili yako mwenyewe kama mtalaka hupunguza msaada pauni kwa pauni. Mnapoelewana au mnapoandikiana mbele ya wakili, hakikisha maandishi yanasema fedha ni za nani, kwa sababu makubaliano yanayotaja kiasi kimoja cha jumla huleta ubishi.

Zaidi ya hapo kuna kikomo cha jumla ya misaada, ambacho tangu Aprili 2023 ni pauni 25,323 kwa mwaka kwa mzazi mwenye watoto ndani ya London na 22,020 nje ya London. Kwa asiye na watoto ni 16,967 na 14,753. Aliyekuwa na kipato cha kutosha cha kazi katika miezi 12 iliyopita, kikijumlishwa na cha mwenzi wake wa wakati huo, hupewa miezi 9 kabla ya kikomo hicho kumgusa.

Siku hiyohiyo unayodai, iandikie halmashauri kuhusu mambo mawili: punguzo la asilimia 25 la kodi ya halmashauri kwa mtu mzima anayeishi peke yake, na punguzo jingine la wenye kipato kidogo. Yote mawili huombwa mbali na Universal Credit, na halmashauri hiyohiyo ina fungu la hiari la kumsaidia ambaye msaada wake haufikii kodi.

Hatua ya nane: ukikataliwa

Barua ya kukataliwa itaeleza sababu, na kwa aliyetoka katika nyumba yake sababu huwa mara nyingi ni mali. Una mwezi 1 tangu tarehe ya uamuzi kuomba uangaliwe upya. Kwa Housing Benefit unaandika kwa halmashauri. Usiseme tu kwamba hukutendewa haki. Taja kifungu unachokitegemea, tarehe uliyotoka, nani anaishi humo sasa, na jitihada za kuuza, kisha ambatanisha karatasi. Jibu likiwa bado ni hapana, una mwezi 1 mwingine kukata rufaa kwa baraza huru la rufaa, ambako hakuna ada na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Vituo vya Citizens Advice husaidia kuandika rufaa hizi bila malipo, na wakati shauri linasubiri, jarida la akaunti yako liendelee kupata taarifa za kila kinachobadilika: barua mpya ya dalali, tarehe ya mahakama, au siku ambayo mwenzako amehama.